UZI: Seli za kinga zinavyokabiliana na TB mapafuni, na kwa nini "kupandisha kinga" si jibu

#1 Hadubini

Wakuu, salaam. Kila baada ya siku chache mtu anauliza humu "nitumie nini kupandisha kinga nisipate TB", na majibu yanayomiminika ni mlonge, asali, kitunguu saumu na vidonge vya vitamini. Nafungua uzi huu tueleze kinachofanyika mapafuni, seli baada ya seli, ili mtu akisikia neno kinga ajue ni kinga ipi. Msimamo wangu nauweka mapema: kwenye TB kinga nyingi na kinga nzuri ni vitu viwili tofauti, na sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe (homa, kukonda, pafu kutoboka) ni kazi ya seli zetu sisi. Watu wa kliniki na wa maabara karibuni mkosoe.

Tuanze na kuingia. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akiimba au hata akiongea kwa nguvu, anatoa vitone. Vikubwa huanguka chini. Vidogo hukauka vikabaki na upana wa mikroni 1 hadi 5, na hivyo huweza kuelea saa kadhaa kwenye chumba kisichopitisha hewa. Kitone kikubwa kinanaswa na ute wa pua na koo. Hiki kidogo kinapita mpaka kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa pafu. Ndiyo maana kushikana mikono au kutumia sahani moja hakuambukizi TB ya mapafu, ila kulala chumba kimoja na mgonjwa asiyetibiwa kunaambukiza.

Kwenye vifuko vya hewa kuna makrofeji, seli kubwa zenye kazi ya kumeza vumbi, mabaki ya seli na vimelea. Makrofeji ikimeza bakteria wa kawaida inamfungia kwenye kifuko ndani yake, kifuko hicho kinaungana na kingine chenye tindikali na vimeng'enya, na bakteria anasagwa. Wa TB anauzuia muungano huo. Kifuko alichomo hubaki kwenye pH ya 6.4 hivi badala ya kushuka kwenye 5. Ukuta wake una mafuta mazito kama nta, haumeng'enyeki kirahisi. Juu ya hapo ana mfumo wa protini uitwao ESX-1 anaotumia kutoboa kifuko na kufikia uji wa seli. Kisha anazaana polepole, mara moja kila saa 18 hadi 24. Kwa hiyo makrofeji ambayo haijaamshwa ndiyo makazi ya kwanza ya kimelea hiki. Wengi wanalikosa hili, wanadhani ameshindwa pale alipomezwa.

Anayeiamsha ni seli ya T, askari wa kinga anayezunguka kwenye damu. Seli dendriti, ambazo kazi yake ni kubeba vipande vya kimelea, zinatoka pafuni hadi tezi za limfu zilizo katikati ya kifua. Kule zinavionyesha vipande hivyo kwa seli za CD4 (aina ya seli za T) na kutoa sitokini (kemikali ambayo seli hupashana habari kwayo) iitwayo IL-12. CD4 inayokitambua kipande inazaana kwa wingi, inaingia kwenye damu, inarudi pafuni, inagusana na makrofeji iliyobeba kimelea na kuimwagia intaferoni gama. Hapo ndipo makrofeji inapobadilika: kifuko kinaongezeka tindikali, seli inatengeneza kemikali za oksijeni na nitrojeni zenye sumu kwa bakteria (nitriki oksidi imethibitika wazi zaidi kwa panya kuliko kwa binadamu), na inaanza kujisafisha kwa kuvifunga upya vimelea vilivyotoroka kifukoni. TNF, sitokini nyingine, inaikoleza kazi hiyo na kuzishikilia seli pamoja.

CD8, aina nyingine ya seli za T, nazo zimo. Zinaiua seli iliyoambukizwa na kutoa granulisini, protini inayotoboa ukuta wa bakteria mwenyewe. Lakini uti wa mgongo wa kinga hii ni CD4, IL-12, intaferoni gama na TNF. Ushahidi ulio safi kuliko wote ni wa watoto wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni za IL-12 au za kipokezi cha intaferoni gama: hao huugua vibaya hata kwa chanjo ya BCG, ambayo ni bakteria aliyedhoofishwa.

Katika watu walioambukizwa wasio na VVU, 5 hadi 10 kati ya 100 ndio wataugua maishani, na karibu nusu yao ni ndani ya miaka 2 ya kwanza. Waliobaki wanaishi naye bila dalili, au wanammaliza kabisa.

#2 Mtaa wa Pili

Mkuu Hadubini shukrani. Mafua kinga inajibu ndani ya siku chache. Kwa nini vipimo vya kinga ya TB vinachukua wiki 2 hadi 8 kugeuka chanya baada ya kuambukizwa? Seli zinangoja nini?

#3 Hadubini

Zinangoja kimelea kifike kwenye tezi. Kwa panya wa maabara wanaovutishwa bakteria wachache, wiki ya kwanza yote hakuna bakteria kwenye tezi za limfu. Wanaanza kuonekana siku ya 8 au 9. Seli za T ndipo zinaanza kuzaana, na zinafika pafuni kwa wingi baada ya wiki mbili na zaidi. Muda wote huo kimelea kinazaana ndani ya makrofeji bila kubughudhiwa.

Sababu ni zaidi ya moja. Anazaana polepole, kwa hiyo vipande vya kuonyesha ni vichache. Anachagua kuingia makrofeji za kwenye vifuko vya hewa, ambazo kwa asili ni tulivu (zingelipuka kwa kila vumbi tusingepumua). Na anazuia seli zilizoambukizwa zisife kwa utaratibu, yaani kile kifo safi ambacho mabaki yake huokotwa na seli dendriti na kupelekwa kwenye tezi.

Hii ina matokeo kliniki: mtu aliyekaa na mgonjwa akipimwa wiki ya kwanza akawa hasi, jibu hilo halimwondoi kwenye orodha. Anarudiwa baada ya wiki 8 hivi tangu mara ya mwisho alipokuwa na mgonjwa.

#4 Binti Mkemia

Maelezo mazuri, naongeza granuloma (kinundu cha seli kinachojengeka kumzunguka bakteria) maana vitabu vingi vinaichora kama ukuta wa gereza na watu wanaishia hapo.

Ukiikata na kuitazama, katikati kuna makrofeji, nyingine zimeungana zikawa seli jitu zenye viini vingi vilivyopangwa pembeni, nyingine zimejaa matone ya mafuta. Kuzizunguka kuna limfosaiti, CD4 na CD8, na nje kabisa nyuzi za kovu. Ikikomaa, katikati seli hufa na kuwa uozo mlaini mweupe ambao wanapatholojia huuita wa jibini. Uozo huo hauna mishipa ya damu, oksijeni ni kidogo, na bakteria waliomo hupunguza kasi karibu kusimama. Dawa nyingi huwa dhaifu kwa bakteria asiyezaana. Pirazinamidi inafanya kazi vizuri penye tindikali, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwemo kwenye miezi 2 ya mwanzo ya matibabu pamoja na rifampisini, isoniazidi na ethambutoli, kabla ya miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi.

Sasa habari ya gereza. Kwa samaki wadogo wa zebrafish, ambao mwili wao unapitisha mwanga na unaweza kutazama seli zikitembea, imeonekana kwamba granuloma changa inamsaidia bakteria. Seli iliyoambukizwa inakufa, makrofeji mpya zinakuja kumeza mabaki, nazo zinaambukizwa, nyingine zinaondoka na kuanzisha granuloma mahali pengine. Kwa samaki haohao TNF ikiwa ndogo mno bakteria wanazaana hadi makrofeji zinapasuka. Ikizidi mno makrofeji zinakufa kwa mlipuko na bakteria wanatoka nje. Njia mbili, mwisho mmoja.

Kwa binadamu granuloma nyingi hutulia na kuwa kovu lenye chokaa, linaloonekana kwenye picha ya kifua kama doa dogo jeupe. Mbaya ni ile inayolainika. Makrofeji na neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni, hasa kile kiitwacho MMP-1, ukuta wa njia ya hewa unaliwa, uozo unamwagika na kukoholewa, linabaki pango. Pango lina oksijeni tele. Kinundu kigumu kilichofungwa huwa na bakteria mamia hadi maelfu machache. Pango linaweza kubeba milioni 10 hadi bilioni 1. Huyo ndiye anayeambukiza wengine. Na aliyelichimba pango si bakteria kwa meno yake, ni seli zetu.

#5 Nesi wa Zamu

Hapo Binti Mkemia umenipa mlango wa kueleza kinachochanganya watu kwenye kliniki za TB na CTC (kliniki za VVU).

Mwenye VVU na CD4 chache mara nyingi hana pango. Kwa kuwa seli za kuchimba hazipo, bakteria wanasambaa bila kelele: tezi, utando wa mapafu, ini, uti wa mgongo. Makohozi yana bakteria wachache. Hadubini inahitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita moja ya makohozi ndipo uwaone. GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria) ya katriji ya Ultra inagundua hata 16 kwa mililita. Kwa hiyo kwa mwenye VVU kipimo cha hadubini kikiwa hasi na picha ikiwa karibu safi, bado usimwambie hana TB. Mchunguze kwa kikohozi cha muda wowote, homa, kupungua uzito na jasho la usiku. Akiwa na dalili yoyote, peleka sampuli GeneXpert, na kama CD4 ziko chini au anaumwa sana, pima pia mkojo kwa kipimo cha LAM.

Jambo la pili: msidhani hatari inaanza CD4 zikifika 200. Utafiti wa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini ulionyesha hatari ya TB inaongezeka mara mbili ndani ya mwaka wa kwanza tu wa kupata VVU, wakati hesabu ya CD4 bado inaonekana nzuri. CD4 zinazoitambua TB ni miongoni mwa zinazopotea mapema. Hesabu ya jumla haisemi ni zipi zilizobaki.

Jambo la tatu, na hapa ndipo uzi unaponoga. Mgonjwa anaanza dawa za TB, anapata nafuu, anaanza ARV, na baada ya wiki 2 hadi 4 homa inarudi, tezi za shingo zinavimba mpaka zinatoa usaha, picha ya kifua inachafuka. Ndugu wanasema ARV zimemdhuru, anaacha dawa. Kumbe CD4 zimerudi, zimewakuta bakteria wengi na mabaki yao, zikawashukia kwa mpigo. Hiyo ni IRIS. ARV haziachwi kwa sababu hiyo, na za TB vilevile. Kwanza hakikisha si TB sugu na dawa zinamezwa ipasavyo, ndipo daktari aamue kama prednisoloni inahitajika. Jaribio lililofanyika Cape Town kwa wenye CD4 zisizozidi 100, la kuizuia IRIS kabla haijatokea, lilitoa miligramu 40 kwa siku kwa wiki 2, kisha 20 kwa wiki 2. IRIS ilishuka kutoka karibu 47 hadi 33 kwa kila wagonjwa 100.

Mwongozo wa WHO ni kuanza ARV ndani ya wiki 2 za kuanza dawa za TB, isipokuwa TB ya uti wa mgongo (ya utando unaozunguka ubongo) ambako husubiriwa wiki 4 hadi 8. Kwenye fuvu hakuna nafasi ya kuvimba.

#6 Kazi na Dawa

Naheshimu utaalamu wenu ila mnajipinga. Mwenye VVU anaumwa TB kwa sababu kinga imeshuka. Kinga ikishuka unaumwa, basi ikipanda hupati. Mantiki rahisi. Kwa nini mnapiga vita vya kupandisha kinga?

#7 Binti Mkemia

Kaka, mantiki yako ingesimama kama ingekuwa mstari ulionyooka. Tazama mifano mitatu.

Robert Koch alitangaza bakteria wa TB tarehe 24 Machi 1882. Mwaka 1890 akatangaza tiba: tyubakulini, mchujo wa bakteria uliokusudiwa kuamsha mwili. Wagonjwa wakachomwa. Waliokuwa na TB walipata homa kali, sehemu zenye ugonjwa zikavimba, na baadhi walifariki. Kinga ilipanda kweli, na ndiyo iliyowadhuru. Leo tyubakulini imebaki kuwa kipimo cha ngozi.

Wa pili. Seli za T zina breki iitwayo PD-1. Panya walioondolewa jeni hiyo, CD4 zao hutoa intaferoni gama nyingi zaidi. Wakiambukizwa TB wanakufa haraka kuliko panya wa kawaida, mapafu yameoza. Kwa binadamu dawa za saratani zinazofungua breki hiyohiyo, kama nivolumab na pembrolizumab, zimeripotiwa kuamsha TB kwa baadhi ya wagonjwa.

Wa tatu. TB ya uti wa mgongo. Jaribio la Vietnam la mwaka 2004 lenye wagonjwa 545 lilitoa deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, pamoja na dawa za TB. Vifo vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 32. Tulishusha kinga na watu wengi zaidi wakanusurika! Nafuu hiyo haikuonekana kwenye jaribio la baadaye la wenye VVU, matokeo yake yakitoka 2023, kwa hiyo hata hapo inategemea mgonjwa ana kinga ya namna gani.

Upande wa pili nao upo, nakupa haki yako. Dawa za baridi yabisi zinazozuia TNF: mwaka 2001 ziliripotiwa kesi 70 za TB kwa waliotumia infliximab, wengi ndani ya miezi michache ya mwanzo, na zaidi ya nusu TB ilikuwa nje ya mapafu. Ndiyo maana kabla ya kuanza dawa hizo mtu anapimwa TB iliyolala na kutibiwa kwanza. TNF ikiondolewa granuloma inafumuka. Ikizidi, makrofeji zinapasuka. Sasa niambie kidonge cha "kupandisha kinga" kinajuaje kisimame wapi?

#8 Kazi na Dawa

Hapo kwenye deksamethasoni nimekaa kimya. Ila vitamini D je? Inasemwa sana.

#9 Hadubini

Wazo lina msingi: makrofeji ya binadamu hutumia vitamini D kutengeneza kathelisidini, protini inayoua bakteria, na zamani wagonjwa walianikwa juani. Ila imejaribiwa. Mongolia, watoto wa shule 8,851, wengi wao wakiwa na upungufu wa vitamini D, walipewa uniti 14,000 kila wiki kwa miaka 3 au kidonge kisicho na dawa. Maambukizi ya TB yalikuwa sawa pande zote mbili. Maabara ilikubali, mitaani ikakataa.

Chakula ndicho kimeonyesha matokeo. Jharkhand, India, utafiti uliotoka 2023 ulifuatilia watu zaidi ya 10,000 wanaoishi na wagonjwa wa TB. Nyumba zilizopewa mgao wa chakula kwa kila mwanafamilia kila mwezi, pamoja na virutubishi, zilipata TB pungufu kwa asilimia 39, na ile iliyothibitishwa maabara pungufu kwa asilimia 48. Mtu mwenye njaa hana protini wala nguvu ya kuzalisha seli za T, na homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo seli hizo zinaihitaji, inashuka.

Vingine vinavyobomoa: kisukari, ambacho huongeza hatari takriban mara 3 (makrofeji humeza taratibu, CD4 huchelewa kufika, kisha hufika kwa fujo), kwa hiyo kila mgonjwa wa TB apimwe sukari na kila mwenye kisukari aulizwe kikohozi. Sigara, inayojaza makrofeji masizi. Pombe nyingi. Na vumbi la miamba: chembe za silika zinamezwa na makrofeji, haziyeyuki, zinatoboa kifuko na kuiua seli kutoka ndani. Makrofeji ya mchimba madini wa Mirerani inaweza kuwa imekwisha kufa kabla bakteria hajafika. Kwake kulowesha mwamba kwa maji wakati wa kuchoronga ni kinga kuliko kidonge chochote.

#10 Mzee wa Slaidi

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nabaki maabara, maana vipimo vya kinga vinasomwa vibaya kila siku.

Kwanza, kipimo cha ngozi na kile cha damu cha intaferoni havipimi bakteria. Vinauliza seli za T: mmewahi kukutana naye? Chanya haisemi mtu anaumwa wala kama bakteria bado yu hai. Na mgonjwa mahututi wa TB anaweza kuwa hasi kwa sababu seli zake zimechoka au zimehamia zote pafuni. Usimwanzishie mtu dawa za TB kwa kipimo hiki peke yake, wala usimwondolee TB kwacho.

Kipimo cha ngozi: mililita 0.1 ya tyubakulini ndani ya ngozi ya mkono wa mbele, sindano nyembamba ya geji 26 au 27, tundu likitazama juu. Lazima kitokee kivimbe cheupe cha milimita 6 hadi 10. Kisipotokea umechoma chini ya ngozi, rudia sentimita kadhaa mbali na hapo. Soma baada ya saa 48 hadi 72. Pima ugumu unaoushika kwa kidole, kukatiza mkono, siyo wekundu; hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanapima wekundu wa milimita 20 wakati ugumu ni 4. Milimita 5 ni chanya kwa mwenye VVU au utapiamlo mkali, 10 kwa wengine. Andika namba yenyewe, usiandike "chanya" tu.

Cha damu, QuantiFERON-TB Gold Plus, kina mirija 4: kijivu haina kitu, kijani na njano zina vipande vya protini za TB, zambarau ina kichocheo cha kuamsha seli zozote. Jaza mililita 1 kila mrija, kuanzia 0.8 hadi 1.2. Pindua mara 10 hadi ukuta wote wa ndani upake damu. Usipopindua vipande vilivyokaushwa ukutani havifiki kwenye seli, ukipiga kwa nguvu damu inavunjika na jibu linavurugika. Ingiza kwenye joto la nyuzi 37 ndani ya saa 16 tangu kutoa damu, iache saa 16 hadi 24. Usiiweke kwenye friji kabla ya hapo, seli za T zinazubaa. Kijani au njano ikiizidi kijivu kwa uniti 0.35 kwa mililita au zaidi, na tofauti hiyo isipungue robo ya kijivu, ni chanya. Zambarau isipojibu, wakati mirija ya TB nayo iko kimya, jibu siyo hasi, jibu halipo. Kwa mwenye CD4 chache hilo ni la kawaida.

Faida yake: protini zilizomo, ESAT-6 na CFP-10, hazimo kwenye BCG. Cha ngozi kinaweza kudanganywa na chanjo.

#11 Mtaa wa Pili

Shikamoo mzee. Hizo protini zilitokaje kwenye BCG?

#12 Mzee wa Slaidi

Marahaba. Zilipotea zenyewe. Calmette na Guérin, kule Lille, walianza mwaka 1908 na bakteria wa TB ya ng'ombe, wakamwotesha upya mara 230 kwenye viazi vyenye nyongo na gliserini hadi 1921. Njiani akapoteza kipande cha jeni kiitwacho RD1, ambacho ndicho kinachobeba jeni za protini hizo mbili na ule mfumo wa ESX-1 alioutaja Hadubini pale juu. Hana tena kifaa cha kutoboa kifuko. Anabaki ndani, anafundisha CD4, hana nguvu ya kumuuguza mtu mwenye kinga nzima.

#13 Nesi wa Zamu

Nami niseme ya BCG upande wa sindano. Kichupa cha dozi 20 huchanganywa na mililita 1 ya kiyeyusho chake chenyewe, kilichopoa. Mtoto chini ya mwaka 1 anapata mililita 0.05 ndani ya ngozi. Tanzania ni bega la kulia, Kenya ni mkono wa mbele wa kushoto. Ikishachanganywa ikae kwenye baridi, mbali na jua, na itupwe baada ya saa 6 au kikao kikiisha, kipi kitangulie. Ukichoma chini ya ngozi badala ya ndani, mtoto anapata jipu au tezi ya kwapa inavimba.

Baada ya wiki 2 hivi kinatokea kinundu, kinakuwa kidonda kidogo, kinapona na kuacha kovu. Mama asikipake kitu wala kukikamua. Kisipotokea kovu WHO haishauri kurudia chanjo. Kovu halipimi kinga. Mtoto anayejulikana ana VVU hapewi mpaka awe kwenye ARV na hali yake imetulia.

BCG inamlinda mtoto mdogo dhidi ya TB ya uti wa mgongo na ile iliyosambaa mwilini. Kwa pafu la mtu mzima, ulinzi wake ni wa kubahatisha.

#14 Kazi na Dawa

Basi chanjo mpya ziko wapi? Kama inajulikana CD4 na intaferoni gama ndizo zinazohitajika, si mtengeneze chanjo inayozipandisha?

#15 Binti Mkemia

Ilitengenezwa, kaka. MVA85A, watoto 2,797 Afrika Kusini, matokeo 2013. Ilipandisha CD4 za intaferoni gama kama ilivyotarajiwa. Haikuongeza ulinzi wa maana juu ya BCG. Intaferoni gama ni ya lazima, ila kuizidisha peke yake hakujatosha.

Iliyofika mbali ni M72/AS01E, protini mbili za TB zilizounganishwa na kichangamshi, sindano 2 zinazopishana mwezi 1. Kenya, Zambia na Afrika Kusini, kwa watu wazima wasio na VVU waliokuwa wameambukizwa lakini hawaumwi, ilipunguza TB ya mapafu kwa karibu asilimia 50 ndani ya miaka 3. Awamu ya tatu, ya watu hadi 20,000, ilianza Machi 2024 na Kenya imo.

Na kuna la nyani aina ya rhesus: BCG ileile ya siku zote, ila ikitiwa kwenye mshipa kwa dozi kubwa, ililinda 9 kati ya 10 (2020). Tofauti iliyoonekana ni seli za T zilizokwisha kukaa ndani ya pafu kabla bakteria hajaja. Ule ucheleweshaji wa wiki kadhaa aliouuliza Mtaa wa Pili unafutika. Msije mkajaribu kwenye kliniki yoyote. Ni ya utafiti tu.

#16 Mtaa wa Pili

Swali la mwisho kwangu. Kuna watu wanaishi na wagonjwa miaka na vipimo vyote hasi. Hao wana nini?

#17 Hadubini

Wamefuatiliwa Kampala kwa miaka mingi, watu wa nyumba moja na wagonjwa ambao kipimo cha ngozi na cha damu vimekataa kugeuka. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha damu yao ina kingamwili dhidi ya protini za TB, na seli za T zinazozitambua ESAT-6 na CFP-10 bila kutoa intaferoni gama. Yaani walikutana naye, wakajibu kwa njia ambayo mirija ya mzee haiipimi.

#18 Nesi wa Zamu

Asije mtu akajiona yumo kwenye kundi hilo akakataa dawa za kinga (za kuzuia TB isiibuke). Aliyekaa na mgonjwa, akachunguzwa na kuonekana haumwi, hasa mtoto chini ya miaka 5 na mwenye VVU, anastahili kinga hata kama kipimo hakipatikani. Kwa mtu mzima njia fupi ni 3HP: isoniazidi miligramu 900 na rifapentini 900, mara moja kwa wiki, dozi 12, pamoja na vitamini B6. Siku ile mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, hakuna shida. Macho kuwa manjano, kichefuchefu kisichoisha, au maumivu chini ya mbavu za kulia: acha dozi na uje kliniki siku hiyohiyo. Anayetumia vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango aongeze kondomu, maana rifapentini inapunguza nguvu ya homoni. Na kabla ya dozi ya kwanza ulizia tena kikohozi, homa, uzito na jasho la usiku, kwa sababu ukimpa dawa za kinga mtu ambaye tayari anaumwa, unamtengenezea usugu.